Aina za Maneno Katika Chumba cha Eda

Nilikaa eda nyumbani kwa wakwe zangu, kisiwani Nosy Be, katika miaka ya mwanzo ya uhuru wa Madagaska, na ndani ya eda hiyo nilimfundisha wifi yangu aina za maneno ya Kiingereza. Nikiwaambia watu hivyo hucheka, wakidhani nafanya mzaha. Wajane wengine hupitisha siku zao kwa kusoma Kurani, wengine kwa kushona kofia. Mimi nilisoma Kurani asubuhi, na alasiri nilifundisha nomino na kitenzi.

Mume wangu alifariki siku ya kwanza ya mwezi mwandamo. Aliumwa na tumbo siku tatu, akapelekwa hospitali, akarudishwa amefunikwa shuka. Tulikuwa na miaka miwili ya ndoa na hatukuwa na mtoto. Sikulia. Wanawake waliokuja kunihani walinikumbatia, wakalia begani kwangu, na mimi nikawa nawapapasa mgongo kama vile wao ndio waliofiwa. Mtu akiulalia mkono wake, akaamka umekufa ganzi, huuona pale kitandani, anajua ni wake, lakini akiugusa haumjibu. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima, kutoka siku ile na kwa muda mrefu baadaye.

Inafaa nieleze Kiingereza kilifikaje katika nyumba ile. Nilizaliwa Mahajanga, mtaa wa Ampisikina, kwa wazazi wenye asili ya Ngazija. Nilipokuwa na miaka saba nilipelekwa Unguja kwa shangazi yangu ambaye hakujaliwa mtoto. Huko ndiko nilikopata Kiswahili hiki ninachokiandika, na huko nikasoma shule ya wasichana hadi nikawa nasoma kitabu cha Kiingereza bila kusitasita. Nikarudi nimeshakuwa mwari, nikaozwa Nosy Be. Kwa wakwe zangu tulizungumza Kingazija, sokoni Kimalagasi, na karatasi zote za serikali zilikuwa za Kifaransa. Kiswahili kilibaki katika maneno ya msikitini na ya majahazi. Kiingereza changu hakikuwa na wa kukisikiliza. Mazungumzo nitakayoyaandika hapa yalikuwa ya Kingazija na Kimalagasi vikichanganyika, na mimi nimeyaweka katika Kiswahili kadiri nilivyoweza.

Wifi yangu alikuwa mdogo wa mume wangu, kitinda mimba, msichana wa miaka kumi na tisa. Mwaka uliotangulia alikwenda kufanya mtihani wa kuingia chuo cha ualimu Mahajanga, akashindwa. Hesabu alifaulu, Kifaransa alifaulu. Kiingereza ndicho kilichomwangusha, na hasa ile sehemu ambapo mtahiniwa hupewa kifungu, maneno yamepigiwa mstari, naye hutakiwa kusema kila neno ni la aina gani na linafanya kazi gani. Siku hizo walimu Wafaransa walikuwa wameanza kurudi kwao, na serikali mpya ilitafuta vijana wa kushika nafasi zao. Nafasi zilikuwapo, lakini baba mkwe alikuwa amesema atamruhusu mara moja tu tena.

"Ukishindwa safari hii," alimwambia mbele yetu sote, "utakwenda Nosy Komba kwa mama yako mdogo, ukae udarizi. Na yule mtu wa Sakatia nitampa jibu."

Mtu wa Sakatia alikuwa mgane mwenye watoto sita, aliyekuja kumposa. Mkubwa wao alikuwa amempita wifi yangu kwa mwaka mmoja.

Katika wiki ya tatu ya eda wifi alikuja mlangoni kwangu ameshika daftari. Hakuingia. Alisimama nje ya pazia, nikaona vidole vya miguu yake chini ya upindo.

"Wifi, mama amesema nisikuchokoze."

"Ndiyo unanichokoza?"

"Nataka kukuuliza kidogo tu. Kisha nitaondoka."

"Ingia."

Hakuondoka hadi adhana ya magharibi. Kesho yake akarudi, na kesho yake tena. Kila alasiri ikawa hivyo.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo. Kulikuwa na kitanda cha chuma, mkeka, mtungi wa maji, pasi ya makaa pembeni, na dirisha lililotazama uani. Kioo kilikuwa kimegeuzwa ukutani. Nilivaa nyeupe, sikupaka wanja wala mafuta mazuri. Manukato ndiyo yaliyokuwa na tabu, maana kisiwa kile kina mashamba ya milangilangi, na siku za kukamua maua harufu huingia kila nyumba bila kubisha hodi. Siku ya kwanza upepo ulipoileta nilifunga dirisha. Mama mkwe akaja akalifungua.

"Utajifia kwa joto bure," alisema. "Kisiwa hakikai eda, mwanangu. Kinanukia chenyewe, wewe hukujipaka."

Kosa la wifi nililiona siku ile ile ya kwanza. Alikuwa amefundishwa kuyatambua maneno kwa sura. Lenye mkia huu ni kielezi, lenye mkia ule ni nomino. Alikuwa na orodha ya mikia hiyo nyuma ya daftari, imepigiwa mistari kwa rula, nzuri kweli, na ndiyo iliyomponza.

"Neno lolote linaloishia na herufi hizi mbili ni kielezi," alinisomea, akinionyesha l na y.

"'Family' nalo?"

Akalitazama. "Kielezi."

"Familia ni kielezi?"

"Orodha ndiyo inasema."

"Na 'July'?"

 "Wifi, mwezi wa saba nao umekuwa kielezi?"

"Kwa orodha yako, ndiyo."

Akacheka, kisha akafunika mdomo kwa mkono na kutazama mlango, kwa sababu katika nyumba ile tulikuwa bado hatujaanza kucheka. Nilimwambia acheke tu. Nilisema hivyo kwa sababu nilijua ndilo jambo la kumwambia mwanafunzi. Mimi mwenyewe niliisikia sauti ya kicheko chake kama mtu anayesikia redio ya jirani.

Kufundisha kulikuja kwenyewe. Mwalimu ana kazi ya kutazama uso wa mwanafunzi, kuona amekwama wapi, kurudi nyuma hatua moja, kumshika mkono na kuanza tena. Kazi hiyo haimuulizi mwalimu yeye mwenyewe anajisikiaje. Nadhani ndiyo maana niliiweza.

"Siku ya hitima ya kaka yako," nilimwambia, "uliwaona wanawake uani. Shangazi yako alikuwa anafanya nini?"

"Anapepeta mchele."

"Na siku ya harusi ya jirani?"

"Alikuwa anaongoza nyimbo."

"Ni shangazi mwingine?"

"Ni yule yule. Na sauti ile ile, Mungu atustiri."

"Basi neno la Kiingereza ni kama shangazi yako. Usimtazame sura, maana sura ni moja siku zote. Tazama amesimama wapi, yuko na nani, leo amepewa kazi gani. Ukishajua kazi yake, umejua aina yake."

Nikamwonyesha pasi pale pembeni. Kwa Kiingereza pasi ni 'iron'. Hilo ni jina la kitu, kwa hiyo ni nomino. Kisha nikamwandikia sentensi ya mtu anayepiga nguo pasi, neno lile lile, halikuongezwa herufi wala kupunguzwa, na sasa ni kitenzi. Kisha nikapiga kitanda cha chuma kwa kiganja. 'Iron bed.' Neno limesogea mbele ya kitanda, linatueleza ni kitanda cha namna gani, linafanya kazi ya kivumishi.

Wifi alilitazama lile neno mara tatu katika mistari mitatu.

"Waingereza hawana maneno ya kutosha," alisema. "Wana vazi moja, wanavaa kwa zamu."

"Ndiyo. Na kazi yako ni kujua nani amelivaa leo."

Toka siku hiyo tukawa na lugha yetu. Nikimwonyesha neno sikumuuliza aina, nilimuuliza, "Shangazi anafanya nini hapa?" Naye hujibu, "Anapepeta," kama ni kitenzi, au "Amekaa tu," kama ni nomino. Kivumishi alikiita "anamsifu mtu." Kielezi kilikuwa "anaamrisha mapishi," kwa kuwa, alisema, kazi ya shangazi huyo ni kusema jambo lifanywe vipi, lini na wapi, na yeye mwenyewe hagusi chungu. Kwa vihusishi tulihangaika zaidi. Vile vineno vidogo vya Kiingereza, vya ndani na juu na kutoka na mpaka, huwa havina sura kabisa. Nilimfanya aweke daftari juu ya kitanda, chini ya kitanda, kando ya mtungi, na kila mara aseme. Mama mkwe alipochungulia akamkuta bintiye amelala kifudifudi, kichwa kimeingia uvunguni.

"Hicho ndicho Kiingereza?" aliuliza.

"Ndicho, mama."

"Basi fagia huko huko uvunguni, maana umeshafika."

Kulikuwa na alasiri moja ambayo bado naikumbuka. Tulikuwa tumechukua kifungu kutoka daftari lake la mwaka uliopita, habari ya mfalme mmoja. Mfalme alikufa. Mfalme aliyekufa hakuwa na mwana. Kifo chake kilikuwa cha ghafla. Kwa Kiingereza maneno hayo matatu ni ndugu, 'died', 'dead', 'death', na mwalimu yeyote angeyapenda, maana yanaonyesha vizuri jinsi ndugu watatu wanavyoweza kushika kazi tatu.

Wifi aliyasoma. Akaweka kidole kwenye la kwanza.

"Kitenzi. Kimetendeka, kimekwisha."

"Vizuri."

"Hili la pili linamweleza mfalme. Kivumishi."

"Vizuri sana."

"Hili ni nomino. Ni jina la jambo lenyewe."

"Sawasawa. Hukukosa hata moja."

 Nje mtu alikuwa anatwanga. Wifi hakuinua uso kutoka kwenye daftari, na tone moja la maji likaangukia ukurasa, likalifanya neno la mwisho livimbe kwa wino. Alilifuta kwa upindo wa kanga. Nilijua kwamba hapa mtu mzima humshika mtoto mkono. Nikamshika. Mkono wake ulikuwa na joto na wangu haukuwa nalo. Kisha nikamwambia tuendelee na sentensi inayofuata, na tukaendelea.

Sasa nieleze habari ya hesabu ya siku, kwa sababu hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo nimelificha miaka mingi.

Baba mkwe alikuwa karani wa bandari kabla ya kustaafu. Alikuwa mtu wa msikiti, lakini pia mtu wa karatasi, na tangu uhuru alikuwa ametundika sebuleni kalenda mpya yenye bendera ya nchi juu yake. Siku ya mazishi ya mwanawe alichukua penseli nyekundu akatia alama. Kila asubuhi alifuta siku moja. Akahesabu miezi minne katika kalenda ile, akaongeza siku kumi, akatia alama ya pili, na akawatangazia jamaa wote: eda ya mkwe wangu inaisha siku hii. Hakuna aliyemuuliza. Aliyeshika penseli ndiye aliyejua.

Mama mkwe hakujua kusoma. Lakini kila mwezi ulipoandama alikuja chumbani kwangu akaniambia, "Mwezi wa pili huo umeandama," "Wa tatu huo." Yeye alitaja miezi kama anavyotaja siku zote, kwa ajili ya dua. Hakuwahi kuiweka miezi yake kando ya kalenda ya mumewe.

Mimi niliiweka. Eda huhesabiwa kwa mwezi mwandamo. Hilo nililisoma chuo cha Kurani Unguja nikiwa mtoto, na baba mkwe naye alilijua, kama alivyojua kwamba Ramadhani haipatikani kwenye kalenda ya bandarini. Ila katika msiba ule mkono wake ulikwenda kwenye kitu ulichokizoea. Miezi ya mbinguni ni mifupi kuliko ya kalenda. Kufika mwezi wa pili niliona tofauti inakua, na kufika wa tatu nilijua itakuwa siku nne. Kwa kalenda ya baba mkwe ningetoka siku nne baada ya eda yangu kwisha.

Nikanyamaza.

Sikunyamaza kwa adabu, ingawa hivyo ndivyo nilivyojiambia. Chumba kilikuwa kinanitosha. Ndani ya pazia hakuna aliyeniuliza nitafanya nini sasa, nitakaa hapa au nitarudi kwetu, nitaolewa tena au la. Siku nne zaidi zilikuwa siku nne zaidi. Nilidhani hazimgusi mtu mwingine.

Kisha barua ikaja kutoka Mahajanga. Mtihani ulikuwa umepangwa. Meli iliyokuwa ikienda huko ilipita Nosy Be mara moja kila wiki mbili, na meli ambayo wifi alipaswa kuipanda ilikuwa ikiondoka siku mbili kabla ya ile alama nyekundu ya pili. Meli iliyofuata ingefika mtihani umekwisha.

Asingeweza kwenda peke yake. Mwaka uliotangulia kaka yake ndiye aliyempeleka. Mama mkwe miguu ilikuwa imevimba, kutoka kitandani hadi uani alishika ukuta. Baba mkwe hakuweza kumwacha mkewe katika hali ile. Mahali pa kufikia palikuwa kwa mama yangu, Ampisikina, na mama yangu hakuwahi kumwona wifi hata siku moja. Mtu wa kumpeleka nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa katika eda.

Wifi alikuja alasiri ile bila daftari. Alikaa mkekani.

"Basi," alisema. "Ni Nosy Komba. Nitadarizi mashuka ya wageni hadi nipofuke."

Nilijua ninachopaswa kusema. Kilikuwa kifupi, sentensi moja. Niliutafuta mdomo wangu kama mtu anayetafuta kiberiti gizani, na sikuupata. Nikamwambia, "Lete daftari hata hivyo." Hakuleta. Siku ya pili hakuja kabisa. Siku ya tatu nilimsikia uani akiosha vyombo, sahani juu ya sahani, kwa kelele.

Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, baba mkwe alikuwa anaandika barua ya kueleza kwamba binti hatafika. Alikuwa anaisoma kwa sauti kila anapomaliza mstari, kama alivyozoea. Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini kwangu, amenyoosha miguu.

"Andika pia kwamba Mungu kataka," alimwambia.

"Hiyo haiandikwi kwenye barua ya serikali."

"Hata siku mbili haziwezi kusogezwa?"

"Eda si mashua, mama watoto, husogezi. Miezi minne na siku kumi. Nimehesabu mwenyewe."

"Nami najua miezi minne. Wa nne si umekwisha juzi? Mwezi mpya nimeuona kwa macho yangu haya, juu ya paa la jirani."

"Umeona wingu."

"Bwana wee! Wingu lenye pembe?"

"Kalenda haikosei."

"Na mwezi ndio unakosea? Uliwahi kumwona mtu akifuturu kwa kalenda yako?"

 Baba mkwe akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kuthibitishiwa kwamba hana kosa, "Tumuulize mwenye eda. Yeye kasoma. Mwanangu, unatusikia?"

"Nawasikia, baba."

"Unasemaje?"

Wifi alikuwa amesimama uani. Kupitia dirishani niliona ameshika sufuria, maji yanachuruzika miguuni mwake, hajui kama anachuruzikiwa. Alikuwa ananitazama mimi, si baba yake.

Nilichelewa kujibu. Sijui ni kwa muda gani. Ilitosha mama mkwe kugeuka na kunitazama naye.

"Eda ni kwa mwezi mwandamo, baba," nilisema. "Katika mwezi huu zinahitajika siku kumi tu. Na mbili zimeshapita."

 Nilisikia kiti kikisukumwa, nyayo zikienda ukutani kwenye kalenda. Alikuwa anahesabu upya. Kisha akasema, taratibu, si kwetu, "Mwanangu nimemhesabia kwa kalenda ya meli." Mama mkwe akaacha ushindi wake pale pale. Aliomba ashikwe mkono, akainuka kwa miguu ile, akaenda kukaa karibu naye.

Siku ya kutoka eda wanawake walikuja kuniogesha. Walinivisha nguo ya rangi, wakanifukiza udi, wakanigeuzia kioo. Nilimwona humo mwanamke aliyekonda kidogo. Wakaniuliza najisikiaje, nikasema Alhamdulillahi. Siku mbili baadaye tulikuwa melini, wifi na mimi. Alitapika njia nzima, na kila akipumzika alifungua daftari akaniuliza tena vihusishi.

Mama yangu alitupokea Ampisikina kana kwamba wifi alikuwa mtoto wake aliyechelewa kurudi kutoka dukani. Siku ya mtihani nilimsindikiza hadi langoni. Nilikaa nje, kwenye ukingo wa saruji, pamoja na akina mama wengine. Alipotoka alikuwa na wino kwenye kidevu.

"Katika mahojiano mzungu alinionyesha neno moja," alisema, "nikamwambia ni kielezi. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia natazama kazi yake. Akanionyesha lingine, nikakosea. Akanionyesha la tatu, akaniambia niende."

"La tatu ulipata?"

"Sijui. Hakusema. Wala hakutabasamu."

Tulingoja siku tisa. Orodha ilipobandikwa tulikwenda asubuhi. Watu walikuwa wamejaa mbele ya ubao. Wifi hakutaka kusogea, nikapenya mimi. Nilikuta jina lake chini, wa nne kutoka mwisho. Nililisoma mara mbili, nikafuata mstari kwa kidole kuhakikisha ni wa kwake. Kisha nikarudi nikamwambia, "Umepita." Akaketi chini pale pale barabarani, akalia kwa sauti, na mwanamke mmoja asiyemjua akapiga kigelegele kwa ajili yake.

Nilisimama kando yake nikingoja kitu kije kifuani mwangu. Hakikuja. Nilichohisi ni jua kisogoni. Na hapo, sijui kwa nini hapo, nikaona kwamba siwezi kurudi naye nyumbani bila kumwambia.

Tulikuwa tumeshika njia ya ufukweni. Yeye alikuwa anazungumza, chuo, sare, jinsi atakavyomwandikia mama yake.

"Wifi," nilisema, "hesabu ya eda niliijua zamani. Tangu mwezi wa pili."

Alisimama. "Uliijua?"

"Nilijua kalenda imekosea. Barua ilipokuja nilijua kwamba naweza kusafiri."

"Siku zile nilipokuja nikakwambia nakwenda kudarizi, ulijua?"

"Nilijua."

"Na kama baba asingekuuliza?"

"Meli ingeondoka."

"Ungeniacha?"

Ningeweza kumwambia la. Yeyote angemwambia la, siku kama ile. Lakini alikuwa mwanafunzi wangu, na sikuwahi kumpa jibu ambalo silijui.

"Sijui," nilisema. "Kweli sijui."

 Akageuka akaanza kutembea, haraka, kanga ikipeperuka nyuma yake, bila kutazama kama namfuata. Nilimwacha aende mbele. Nilimwona akipita wauza karanga, akipita watu waliokaa kwenye ukuta wa bahari, hadi mahali ambapo barabara inagawanyika njia tatu. Pale akasimama. Akatazama njia ya kulia, akatazama ya kushoto. Njia ile ya ufukweni hakuwahi kuipita, na hakujua Ampisikina ni upande gani.

Nilimfikia. Hakuniangalia. Nikaonyesha kwa mkono, tukaingia njia ile, na baada ya hatua chache nikasikia kwamba amepunguza mwendo wake ulingane na wangu.